Neno Nililowapa Watu wa Mkumba

Kibiti, 14 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri na uwanja wa kinu umegeuka bwawa. Bwana Qusai, mwenye kinu, ameniita ofisini kunieleza kwamba mwaka huu kampuni itadhamini timu ya magari ya mbio: magari mawili, mafundi wake, mahema yake na lori la matairi, yatakayozunguka mikoa kadhaa kuanzia Tanga, na mwezi Juni yatapita kwetu. Yatapakwa rangi za magunia yetu ya mchele, kijani na njano, na ubavuni litaandikwa jina la marehemu baba yake, Gulamrasul, kwa herufi ambazo mtu ataweza kuzisoma gari likiwa mbioni. Dereva wa gari la kwanza ni Alina, binti wa dada yake, aliyejifunzia mchezo huo Nairobi.

Kazi yangu niliielewa kabla hajaieleza. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuwa msemaji wa kampuni hii, na kila linapotakiwa jambo kwa watu, natangulizwa mimi. Safari hii linalotakiwa ni kwamba barabara ya udongo iendayo Mloka ifungwe kutwa nzima, na wenye mashamba yaliyopakana nayo katika kitongoji cha Mkumba watoke mashambani hadi magari yawe yamepita.

Nikamuuliza tarehe. Katikati ya Juni. Nikamwambia kwamba katikati ya Juni mpunga wa Mkumba utakuwa umeiva na haujakatwa. Akanijibu kwa upole kwamba ratiba ya mbio haipangwi na mpunga.

17 Aprili

Mvua.

19 Aprili

Nimepita dukani kwa Bi Malekbanu, mama yake Qusai, ambaye hadi leo hakubali kukaa nyumbani. Habari za magari alikwisha kuzipata. Alinieleza kwamba marehemu mumewe alipokwenda kununua mpunga Mkumba, lori aliliacha nje ya kitongoji mpaka wenyewe waseme lipite. Akataka nimkumbushe mwanawe. Nilimjibu kwamba mwana ni wake, amwambie mwenyewe.

“Mimi ananisikiliza bure, ndiyo maana hasikii,” alisema, akinifungia kashata. “Wewe anakulipa.”

26 Aprili

Tumefika Mkumba saa tano, matope hadi kwenye milango ya gari. Mkutano ulifanyika chini ya paa la ghala. Nilizungumza kwa utaratibu ninaoujua: nikawasalimu kwa heshima zao, nikalitaja jina la marehemu Gulamrasul wanayemkumbuka, nikaeleza faida ya wageni na biashara ya siku hiyo, kisha nikaliweka ombi.

Kijana mmoja, Mshamu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma, alitaka kujua kama magari yetu hukimbia kuliko nguruwe wa Mkumba, maana nguruwe wa Mkumba hawajapata kushindwa. Watu wakacheka, nami nikacheka. Ndipo mama yake, Bi Semeni, aliposimama, na kicheko kikaisha chenyewe.

Alisema kwamba hana ugomvi na magari. Swali lake lilikuwa moja: nani ataamia? Nieleze kwa ajili yangu mwenyewe, nisije nikasahau uzito wake. Tangu mpunga unapotoa masuke hadi unapopurwa, kila shamba hapa lina dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na mtu anaishi humo akiamia: mchana ndege na nyani, usiku nguruwe, na mara nyingine tembo kutoka hifadhini. Shamba lililoachwa bila mtu hata nusu siku linaweza kumalizwa lote.

Nilimwahidi kwamba siku hiyo kampuni itaweka mlinzi katika kila dungu, mwenyewe atazame mbio kwa raha, na jioni arudi akute mpunga wake ulivyo. Nikasema kwamba hakuna mtu wa Mkumba atakayepoteza chochote kwa kutupisha.

“Hilo ni neno la kampuni au lako?” aliuliza Bi Semeni.

Mkutano mzima ulinitazama. Nikasema, “Langu.”

Akaketi. Wakakubali.

3 Mei

Barabara imekatika mahali pawili. Mto umepanda. Nimeshinda ofisini nikitunga maneno ya mabango.

11 Mei

Mkumba tena, kuhesabu madungu na kuonyeshwa mipaka. Leo nimeona jambo lililonifurahisha, na sina wa kumsimulia ila karatasi hii.

Mshamu alikuwa akinieleza namna mama yake alivyomkatalia kuoa mpaka amalize nyumba. Katikati ya sentensi ililia filimbi kutoka upande wa mto, mfululizo, bila kupumzika. Mshamu hakunitazama, hakuniaga. Aliondoka mbio kama aliyevutwa kwa kamba, akaruka mfereji, na nilipogeuka niliona watu wakishuka kutoka kila dungu na kukimbilia upande ule ule, wanawake kwa wanaume, mmoja akiwa na sabuni mikononi. Nilibaki peke yangu na mwavuli.

Waliporudi, wakihema na kutaniana, walinieleza. Zamani walipiga madebe. Siku hizi kila dungu lina filimbi. Aliyevamiwa na wanyama hupuliza, na yeyote anayeisikia huacha alichoshika akaenda. Hakuna kuuliza ni shamba la nani. Asiyekwenda, siku yake ya kupuliza hatamwona mtu.

“Sasa hata ukiwa unakula?” nilimuuliza Mshamu.

“Mwalimu, hata ukiwa unaoa,” alisema.

18 Mei

Gari la Alina limefika Kibiti kwa majaribio. Watu walijaa kandokando ya barabara kuu kama siku ya sikukuu. Yeye alishuka akitafuna ubani wa dukani, miwani usoni, akazungumza na mafundi kwa Kiingereza na kunipa mkono bila kunitazama. Alitaka kujua watu watasimama wapi huko Mkumba. Niliona anataka kujua atashangiliwa upande gani. Sikuvutiwa naye.

24 Mei

Kikao cha usalama na waandaaji wa mbio. Mmoja wao alipendekeza wasimamizi wa barabarani wapewe filimbi, gari likikaribia wapulize ili watu wakae mbali. Nilisimama nikaeleza nililoliona tarehe kumi na moja: kwamba Mkumba filimbi haimrudishi mtu nyuma, humleta mbele. Walishangaa. Iliamuliwa zitumike bendera nyekundu, wala pasiwe na filimbi barabarani kabisa. Watazamaji watasimama upande wa kaskazini, penye mwinuko mkavu, nyuma ya kamba.

Bwana Qusai alinishukuru mbele ya wote. Nakiri nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

2 Juni

Mvua imekwisha. Mpunga umekuwa wa njano.

7 Juni

Idi. Pilau kwa Bi Malekbanu, watu wengi, hakuna aliyezungumza jingine ila magari.

11 Juni

Vifaa vimefika kutoka Dar: kofia, fulana, bendera, na boksi moja limejaa filimbi za njano zenye jina la kampuni. Nilikwenda nalo moja kwa moja kwa Bwana Qusai. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwamba hizo si za barabarani, ni za walinzi wa mashambani. Vijana wenyewe wanatoka mjini. Wakitokewa na nguruwe, watawafukuza kwa nini, kwa kuwasihi? Nilifikiri, nikaona ana haki.

Hata hivyo nilipanda pikipiki hadi Mkumba kumuuliza Bi Semeni. Alikuwa akinoa mundu. Alisema vizuri, mlinzi asiye na filimbi ni kinyago tu. Mshamu aliomba moja ya kijani. Hakuna aliyeona kosa, si wao, si mimi.

13 Juni

Jua kali. Barabara imekauka na vumbi limeanza.

15 Juni

Jana sikuweza kuandika. Nitaandika leo kwa mpangilio, maana nikiandika kama ninavyoliona kichwani nitaanzia mwisho.

Asubuhi ilikuwa njema. Watu wa Mkumba walitoka mashambani wakiwa wamevaa kanga na kanzu za sikukuu, wakawakabidhi vijana wa kampuni madungu yao. Bi Semeni alimwonyesha mlinzi wake mahali pa maji na mahali ambapo nguruwe hupenya. Kisha wote walivuka barabara kwenda upande wa kaskazini, nyuma ya kamba. Mashamba yakabaki kusini. Kati yetu na mpunga palikuwa na barabara, na kando ya barabara ile niliishika maikrofoni, nikiwakaribisha, nikiwatania, nikiwakumbusha maana ya bendera nyekundu. Walinisikiliza. Nataka ijulikane kwamba walinisikiliza. Magari matatu yalipita na hakuna mtoto aliyegusa kamba.

La nne lilikuwa la Alina. Msimamizi aliinua bendera. Tulilisikia kabla ya kuliona, na vumbi lilianza kupanda nyuma ya miti ya kona.

Ndipo ilipolia filimbi kutoka kusini, mfululizo, bila kupumzika.

Mlinzi wa dungu la Bi Semeni alikuwa ameona nguruwe, kundi zima na watoto wake, wakitoka kwenye matete, na alifanya alichoagizwa. Mimi niliyajua yote yanayokuja katika muda mfupi kuliko unaohitajika kuyasema. Nilipaza sauti kwenye maikrofoni wasimame. Vipaza sauti vyote vilikuwa vimeelekezwa kwao na naamini hakuna aliyenisikia. Kamba ilianguka. Waliruka barabarani kama walivyoruka mfereji siku ile, na Mshamu alikuwa mbele kwa sababu shamba lilikuwa la mama yake.

Alina alilikata gari kwenda kulia. Lilipanda ukingo, likalala ubavu, likaserereka ndani ya mpunga hadi likasimama. Lingenyooka lingewachukua wengi. Lilimchukua mmoja.

Nguruwe hawakufukuzwa na mtu. Watu walikuwa wamemzunguka Mshamu barabarani, na yule kijana wa mjini, peke yake juu ya dungu, aliendelea kupuliza.

16 Juni

Amepelekwa Dar. Mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti. Hajazinduka.

17 Juni

Asubuhi Alina alikuja nyumbani kwangu, mkono wake umefungwa shingoni, bila miwani. Ni mdogo kuliko nilivyomdhania. Nilimkaribisha chai, hakuinywa.

“Anti, naomba unieleze kitu kimoja,” alisema. “Nimeshawaona watu wakikatiza mbele ya gari. Wote huliangalia gari. Yule kaka hakuniangalia kabisa. Alikuwa anaangalia nini?”

Nilimweleza yote: madungu, filimbi, desturi ya kuacha ulichoshika ukaenda. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Kwa hiyo sisi ndio tuliomwita,” alisema.

Tangu Jumamosi nilikuwa nikiizunguka sentensi hiyo kama mtu anayezunguka shimo. Binti huyu, ambaye nilimhukumu kwa ubani na miwani, aliingia ndani yake moja kwa moja. Hata swali lake la mwezi Mei, watu watasimama wapi, leo nimelielewa.

19 Juni

Mshamu amezinduka. Ameulizia mpunga.

21 Juni

Nimeitwa ofisini. Bwana Qusai amekonda na hajanyoa. Sitaki nimwandike kama mtu asiye na moyo, kwa sababu anao. Amesema atagharimia matibabu yote, hata yakichukua mwaka, na mguu wa bandia ulio bora kuliko yote. Kisha akanieleza kinachotakiwa.

Waandaaji wanachunguza. Ikithibitika kwamba ajali ilisababishwa na walinzi wa mdhamini, timu itafungiwa, nayo inatarajiwa Morogoro mwezi ujao, na jina la baba yake litaondolewa kwenye mbio hizi kwa aibu. Tarehe ishirini na nane kutakuwa na mkutano Mkumba, waandaaji watahudhuria, nami nitasema kwa niaba ya kampuni kwamba mkazi mmoja, licha ya kuelekezwa mara kadhaa, alivuka barabara iliyofungwa.

Nilimwambia kwamba hilo ni kweli na si kweli.

“Bi Faudhia, sikatai kulipa,” alisema. “Nakataa kulaumiwa.”

Nilimuuliza Mshamu atakuwa nani baada ya hapo, katika kitongoji ambacho asiyeitikia filimbi huachwa peke yake. Yeye aliitika, na sasa aambiwe alikosa. Na waliobaki, siku nyingine filimbi ikilia, wafanye nini? Alisema tu kwamba hakuna mtu katika wilaya hii anayesikilizwa kama mimi, na kwamba ndiyo sababu ananiomba. Miaka yote nimeyapenda maneno hayo. Leo yalinitia baridi.

22 Juni

Nimeandika hotuba aliyoitaka. Ni nzuri. Nimeichana.

23 Juni

Nimeiandika tena.

25 Juni

Mkumba. Sikuwa na shughuli rasmi. Bi Semeni alikuwa shambani akikata kilichosalia. Upande mmoja mpunga umelazwa na gari, upande mwingine umevurugwa na nguruwe, na katikati majirani walikuwa wakimsaidia, safu moja, migongo imeinama. Niliomba mundu. Mmoja wa wanawake alisema mikono ya chaki itapata malengelenge. Imepata.

Mchana, tulipopumzika, nilingoja Bi Semeni anishtaki. Ningependa angenishtaki. Alisimulia tu kwamba jana alizungumza na mwanawe kwa simu, na Mshamu amemuuliza kama watu wanasema alijitia mbele ya gari kwa ujinga. Kuna mgeni alifika wodini, mtu wa mbio, akamuuliza maswali ya namna hiyo.

“Nimemwambia angoje,” alisema Bi Semeni. “Mwalimu anakuja kusema Jumamosi.”

Mguu siwezi kuurudisha. Mpunga ule nao umekwisha. Katika vyote nilivyowaahidi watu hawa wasivipoteze, kimebaki kimoja, na kipo mikononi mwangu.

27 Juni

Bi Malekbanu ametuma mtu kuniita, sikwenda. Sikutaka kuimarishwa wala kulegezwa na yeyote. Nimepiga pasi nguo zangu.

28 Juni

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mbio. Waandaaji waliketi mbele kwenye viti vya plastiki, Bwana Qusai kati yao. Alina alikataa kiti, akaketi mkekani na wanawake, mkono bado umefungwa. Bi Semeni alikuwa karibu naye. Sikujua kama wanafahamiana, hawakuwa wakizungumza.

Nilipewa maikrofoni. Karatasi ya hotuba ilikuwa kwenye mkoba na sikuufungua.

Nilianza kwa heshima zinazostahili. Kisha nikasema kwamba mwezi Aprili, chini ya paa hili hili, niliulizwa kama neno ni la kampuni au langu, na nilijibu kwamba ni langu. Basi na leo nitasema langu. Nikasema kwamba Mshamu alielekezwa asivuke, na ni kweli alivuka. Nikaona Bwana Qusai akilegeza mabega.

“Lakini hakuvuka kwa kukaidi,” nikasema. “Alipuliziwa filimbi, na mtu wa Mkumba akipuliziwa filimbi huenda. Filimbi ile tuliigawa sisi. Mimi niliijua desturi yenu, niliiona kwa macho yangu, na boksi la filimbi lilipita mikononi mwangu. Mliitwa, mkaitika. Waliowaita ni sisi.”

Sauti yangu ilikatika hapo hapo. Nilidhani ni koo, kumbe ni mtambo. Fundi wa vipaza sauti aliinamisha uso. Bwana Qusai alikuwa ameushusha mkono aliomwashiria nao na kuuweka gotini. Hakunitazama. Mmoja wa waandaaji alimgeukia akimuuliza jambo kwa sauti ya chini.

Nilisimama na kile chuma kilichokufa mkononi. Nilifikiri nimemaliza, na kwamba kwa upande wa kazi yangu nimemaliza kweli.

Bi Semeni alijishika kwenye bega la Alina, akainuka. Alikuwa na simu mkononi, imewashwa, ameielekeza kwangu.

“Mwalimu,” alisema, “rudia. Wa nyuma hawajasikia, na huyu wa Dar naye hajasikia vizuri.”

Nikaiweka maikrofoni mezani. Nikatoka mbele ya viti, nikaenda nikasimama katikati ya watu, nikarudia tangu mwanzo kwa sauti yangu mwenyewe.